Mti Ulioota Masikio

Mama Pacha ndiye aliyeyaona masikio kwanza. Alikuwa anamwaga maji ya kufulia nyuma ya chumba namba tatu, kibanio kikamponyoka, akainama kukiokota. Pale chini ya mjohoro, shinani, upande unaotazama dirisha lake, akaona vitu vitatu vimebebana kama sahani kabatini. Rangi ya kahawia, ukingo mweupe, vigumu. Akavisukuma kwa kidole cha mguu, havikubonyea. Akaliacha beseni hapo hapo, akaenda kibarazani kwa mwenye nyumba.

"Mama, mti wenu umeota masikio."

Mama Cherehani alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule, ya ishirini na moja kati ya arobaini, na mguu wake haukuacha kukanyaga. "Mti gani tena wenye masikio?"

"Njoo ujionee. Matatu mazima. Yote yamegeukia dirishani kwangu. Mimi na mume wangu tukigombana, yanasikiliza."

"Basi gombaneni kwa adabu."

Walicheka, lakini Mama Cherehani alikata uzi kwa meno na kuinuka. Alikwenda, akachuchumaa, akanusa. Harufu ilikuwa ya sanduku lililofungwa siku nyingi.

"Ni uyoga," alisema.

"Unalika?"

"Huu? Huu hata mbuzi ataomba maelezo kwanza." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Nitamwambia Mzee augonge."

Na Mama Pacha akatulia, maana katika ua ule hakuna aliyekuwa na wasiwasi na kitu kilichogongwa na Mzee Pipa.

Mtu mwenyewe alikuwa mwembamba kama fito. Jina hilo alitoka nalo kazini. Miaka thelathini alishika funguo za ghala la mafuta, na katika miaka hiyo yote alitembea na spana ndogo mfukoni. Aliligonga pipa ubavuni, akafumba macho, akainua kidevu, akasema: "Nusu na vidole viwili." Wakiteremsha kijiti cha kupimia, wanakuta nusu na vidole viwili. Wakubwa walipokuja kukagua ghala waliitiwa Mzee Pipa agonge, kama watu wanavyoitiwa mchezo wa sarakasi, na yeye hakukosea hata siku moja. Alistaafu na saa ya ukutani, barua ya shukrani, na ile spana ambayo hakuna aliyethubutu kumdai.

*

"Kuna uyoga kwenye mti," Mama Cherehani alimwambia mumewe mchana ule, akiwa amesimama upande wake wa kulia kama kawaida.

"Woga?"

"Uyoga."

"Woga wa nini? Mti umesimama pale miaka arobaini, leo ndiyo unaingiwa na woga?"

Alikuwa na njia mbili: kupaza sauti, na nyuma ya ukuta kulikuwa na wapangaji wa vyumba vinne, au kumshika mkono akamwonyeshe. Alimshika mkono.

Mwanamke huyu alikuwa ameshajifunza kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Mgeni akisema neno, yeye alilirudia kana kwamba linamshangaza: "Ah! Kumbe unasema maji yamekatika tangu jana!" Mzee akalipata neno, akajibu. Mpangaji akileta udhuru wa kodi: "Kwa hiyo Ijumaa ndiyo utaleta!" Mzee akatikisa kichwa kama hakimu. Alilifanya hilo kwa ustadi mpaka wapangaji walidhani ndiyo tabia yake tu, na nyuma ya mgongo wake walimwita Kasuku. Alijua. Hakuchukia. Afadhali yeye aitwe Kasuku kuliko mumewe aitwe Kiziwi.

Na alipokosekana yeye pembeni, Mzee Pipa alikuwa na dawa yake mwenyewe. Alisema "Sawa." Neno hilo lilimvusha kwenye mazungumzo mengi.

Aliyatazama yale masikio bila kushtuka, akatoa spana. Akagonga juu, akagonga katikati, akagonga chini, macho yamefumbwa na kidevu kimeinuka. Mama Cherehani alisimama nyuma yake. Juu mti ulilia ko. Chini, upande wa chumba namba tatu, ulilia du, kama mlango wa chumba kisicho na vitu. Aliusikia mlio ule vizuri kabisa.

"Umejaa," alisema Mzee Pipa na kuirudisha spana mfukoni. "Juu mpaka chini."

Mama Cherehani alitaka kusema neno. Lakini mumewe alikuwa anatabasamu namna ambayo hakuwa ametabasamu tangu astaafu, na yeye alijiambia kwamba miti si fani yake, huenda du nayo ina maana yake.

Jioni Mama Pacha aliuliza. "Mzee kasemaje?"

"Kaugonga. Kasema umejaa."

"Haya basi." Na usiku ule Mama Pacha akakisogeza kitanda cha watoto karibu na dirisha, upande wa mti, kwa sababu ya joto.

*

Tawi lilianguka siku isiyo na upepo. Saa tatu asubuhi, jua kali, hata nguo kambani hazichezi. Lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima. Lilitoboa bati la banda la jiko, likavunja ndoo, likabaki limesimama wima ndani ya banda kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Mama Pacha alikuwa ametoka hapo dakika tano kabla, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, kwenda kununua sabuni.

Aliporudi na kuliona hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kibarazani, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu Mama Pacha kelele ndiyo ilikuwa hali yake ya kawaida.

"Mama, uliniambia umejaa."

"Mwanangu..."

"Umejaa nini? Hasira?"

"Tawi ni tawi tu. Kila mti unapukutisha."

"Majani, mama. Mti unapukutisha majani. Huu unapukutisha nguzo." Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. "Mwisho wa mwezi tunatoka. Na kama si mume wangu kupenda maji yenu ya bomba, ningetoka leo."

Mzee Pipa alitokeza mlangoni. "Kuna nini?"

"Anasema mwisho wa mwezi watatoka!" alisema Mama Cherehani.

"Waende wapi? Mti nimeugonga mwenyewe." Akamgeukia Mama Pacha kwa upole. "Usiwe na wasiwasi, binti yangu. Umejaa."

Mama Pacha alimtazama mzee, kisha mkewe, akaondoka. Mama Cherehani akakaa tena kwenye mashine. Alishona pindo zima kabla ya kugundua kwamba alikuwa anashonea upande wa nje.

*

Siku iliyofuata alimwambia mumewe anakwenda kununua vifungo. Alikwenda kwenye bustani ya miche kando ya barabara, ambako kulikuwa na kibao: TUNAOTESHA, TUNAPOGOA, TUNAKAGUA, TUNAKATA. Alitegemea kukuta mwanamume. Aliyemkuta ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti za mpira, ovaroli lenye kiraka gotini. Kiraka kilishonwa vibaya, na Mama Cherehani alijizuia asiseme kitu.

"Mti wako ukoje juu?" mkaguzi aliuliza, akiendelea kujaza udongo kwenye vifuko. "Majani?"

"Yamekuwa madogo. Yana rangi ya njano. Na kileleni hakuna kitu, kama kichwa cha mwenye upara."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kile kingine."

"Gome?"

"Linabanduka. Ukivuta linakuja na mkono."

"Ardhi chini yake?"

Mama Cherehani alifikiri. Alikuwa anashona akiutazama mti ule siku sita za wiki. "Upande mmoja imefanya ufa, kama mkate uliovimba. Na uyoga uko upande huo huo."

Mkaguzi aliacha udongo. "Mama, wewe umekagua tayari. Mimi nije kufanya nini? Dalili zote unazo. Ulimwambia nani?"

"Mume wangu. Akaugonga."

"Vizuri, hata sisi tunagonga. Akasikia nini?"

Mama Cherehani aliitazama miche. Ilikuwa imepangwa mistari minyoofu, kila mmoja na kijiti chake.

"Alisema umejaa," alijibu.

*

Mkaguzi alikuja Jumamosi asubuhi, na Jumamosi kila mtu yuko nyumbani. Wapangaji walitoka na vigoda. Jirani wa upande wa pili, dereva mstaafu aliyeitwa Breki kwa sababu ambayo abiria wake wa zamani waliijua, aliegemeza viwiko juu ya ukuta kama mtu aliyelipia kiti.

"Sasa mti unaletewa daktari," alisema Breki. "Mimi mgongo unaniuma mwaka wa tatu, sijaletewa hata muuza dawa ya mende."

Mkaguzi aliuzunguka mti mara mbili bila kuugusa. Alirudi nyuma mpaka getini, akautazama ulivyosimama, akaweka kiganja hewani kupima ulalo wake. Ulilalia chumba namba tatu. Alitoa nondo nyembamba akaichoma ardhini upande wa mbali, ikagoma. Akaichoma upande wa chumba, ikazama kama kwenye uji.

"Hapa palichimbwa?"

"Nilichimba mimi," alisema mume wa Mama Pacha, fundi bomba, mtu wa maneno machache. "Bomba la vyumba vya nyuma. Mwaka juzi."

"Ulikata mizizi?"

"Mmoja. Mnene kama paja langu. Lakini sikukata kienyeji. Nilimuuliza Mzee: niukate, au nilizungushe bomba?"

"Akasema?"

"Akasema, 'Sawa.'"

"Sawa ipi?"

"Hiyo hiyo. Sawa. Nikakata, maana kukata ni rahisi."

Watu walicheka. Mzee Pipa, aliyekuwa amesimama mbele na shati lake la kwendea mjini, aliona watu wanacheka na yeye akacheka. Mama Cherehani alimwona. Alikuwa anacheka kwa moyo wote, mikono kiunoni, kichekesho ambacho hakukipata.

Mkaguzi alichukua nyundo ya mbao. Akagonga usawa wa kifua, ko. Akashuka, ko. Akahamia upande wa chumba, juu ya masikio, du. Hata wale pacha waligeuza vichwa.

"Umesikia hiyo?" Breki alimuuliza fundi bomba. "Hiyo ni ngoma."

"Ndani kumeoza," alisema mkaguzi. "Mzizi uliokatwa uliingiza uozo, uozo umepanda. Huo uyoga ndio tunda lake. Ukiuona nje, ndani kazi imeshafanyika."

"Kumbe anasema ndani kumeoza!" Mama Cherehani alisema kwa nguvu.

Mzee Pipa aliondoa mikono kiunoni. "Hapana. Binti, samahani, mimi nimegonga mapipa miaka thelathini. Mti huu nimeugonga. Hebu gonga tena, mimi nisikilize."

"Mzee, acha..." alianza mkewe.

"Niacheni nisikilize!"

Alisogea mpaka hatua moja na shina. Akafumba macho, akainua kidevu. Ua mzima ukanyamaza, kwa sababu namna ile ya kusimama ilikuwa na heshima yake. Mkaguzi aligonga juu.

"Umejaa," alisema Mzee Pipa.

Aligonga chini. Du.

"Umejaa."

Watu walitazamana. Mkaguzi aliinua nyundo mara ya tatu, usawa wa goti, na kabla haijatua aliona sisimizi wanatoka kwenye ufa wa gome, kila mmoja na punje nyeupe ya unga wa mti mdomoni. Alisita. Aliinama kuwatazama, nyundo ikabaki hewani.

"Na hapo," alisema Mzee Pipa, "pamejaa tele."

Mama Pacha aliziba mdomo kwa kanga. Kisha Breki, ambaye hakuwahi kukawia kwenye jambo lolote isipokuwa kusimamisha gari, alipasuka kwa kicheko juu ya ukuta. "Mzee Pipa! Hajagonga! Bado hajagonga, mzee!"

Mzee Pipa alifumbua macho. Aliuona mdomo wa Breki umefunguka mpaka magego. Akaiona nyundo hewani. Akawatazama wapangaji mmoja mmoja, wale waliokuwa wakiangalia chini na wale walioshindwa. Mwisho akamtazama mkewe, akisubiri lile neno ambalo kila siku lilimfikia kupitia kwake.

Mama Cherehani aliinamisha macho, akawatazama sisimizi.

Mzee aliingia ndani, akaufunga mlango taratibu.

*

Mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, spana iko juu ya goti. Alikaa karibu naye, upande wa kulia, akaanza kunong'ona karibu na sikio.

"Sema kwa sauti," alisema Mzee Pipa.

"Watu watasikia."

"Watu wameshasikia. Asiyesikia ni mimi." Aliigeuza ile spana. "Tangu lini unajua?"

Mkewe alihesabu kimoyomoyo, kisha akasema kwa sauti, na alizijua vizuri kuta za nyumba yake. "TANGU MWAKA JUZI."

Nje, vigoda vilisogezwa. Watu walikuwa na haya ya kutosha kusogea, si ya kutosha kuondoka.

"Maneno ya watu nilijua yananipita," alisema mzee. "Nilidhani siku hizi watu wanaongea chini, hawana nguvu. Lakini kugonga nilidhani bado ninako. Nikigonga mimi, mkono unanijibu. Chuma kinaruka mkononi, nami nasema hilo ni sikio." Akaiweka spana kitandani. "Siku ile nilipougonga, wewe ulikuwa nyuma yangu. Ulisikia?"

"NILISIKIA."

"Ulikuwa umejaa?"

"HAPANA."

"Na ulikwenda ukamwambia yule mama umejaa."

"Nilikuwa nakusitiri," alisema, na kwa sababu lilimtoka kwa sauti ndogo, ikabidi alirudie. "NILIKUWA NAKUSITIRI, MUME WANGU! Ulitaka wakucheke kama leo?"

"Leo wamecheka. Nimekufa?" Alimgeukia, na hakuwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa. Mama Cherehani alikuwa ameiogopa hasira hiyo miaka miwili, akajiandaa nayo, akajua maneno ya kuipoza. Hii ilikuwa nyingine. "Kunicheka mimi si kitu. Wewe ulijua sisikii, ukalichukua neno langu ukalipeleka kwa mama wa watu, akaenda kulaza watoto chini ya mti. Hukunisitiri kwa kanga, mke wangu. Ulinisitiri kwa watoto wa watu."

Mama Cherehani alijaribu kusema kwamba hata yeye hakuwa na hakika, kwamba miti si fani yake, lakini kila neno lilipofika kinywani alilazimika kulipima kama linafaa kupigiwa kelele, na hakuna lililofaa.

Mzee Pipa aliinuka. Alivua shati la mjini, akavaa la kazi, akatoka. Mkewe alimfuata, akitaka kusimama upande wa kulia, naye akamzuia kwa kiganja.

"Mama Pacha," alisema mbele ya watu wote. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. "Mimi sisikii. Niliposema mti umejaa, sikuwa nimesikia kitu. Nilikosa. Leo hamlali namba tatu. Mtalala sebuleni kwangu, mpaka mti ushuke."

Mama Pacha alikuwa amejiandalia maneno tangu tawi lianguke, na sasa alikuwa nayo yote mdomoni bila pa kuyaweka. Aliyameza. Alimsogelea mzee mpaka mbele ya macho yake, akapaza sauti iliyomfanya hata Breki ashuke ukutani:

"MZEE! UNGESEMA MAPEMA! SISI KELELE NDIYO KAZI YETU!"

Na Mzee Pipa, aliyelisikia kila neno, alitikisa kichwa kukubali, akaenda kushika upande mmoja wa godoro.

Kabla mkaguzi hajaondoka, mzee alimuuliza kama haiwezekani kupogoa tu, kupunguza uzito, mti ukabaki. Mkaguzi hakupoteza maneno. Alikishika kiganja cha mzee, akakiweka wima ubavuni mwa shina: mti wa unene huu, alimwonyesha, unataka mbao isiyooza ya upana wa kiganja hiki pande zote. Kisha akapiga hatua mpaka upande wa chumba, akakunja vidole vya mzee, akaviacha viwili.

"Vidole viwili?" aliuliza Mzee Pipa.

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali.

"Basi ukate," alisema. Hakuuliza tena.

*

Waliukata Jumatatu. Ujira wa sketi zote arobaini uliishia kwenye kamba, msumeno na watu wawili wa kupanda, na magogo mkaguzi akayachukua kama nyongeza ya malipo. Mama Cherehani aliihamisha mashine yake mbele ya nyumba, palipokuwa na kivuli cha ukuta mpaka saa tano tu, akajiambia kwamba kuanzia saa tano atakuwa anakata vitambaa ndani.

Siku zile mbili sebule ilikuwa imejaa nepi, sufuria na pacha wawili waliotambaa kila mmoja upande wake. Mumewe alikuwa akizungumza naye kama kawaida: chumvi iko wapi, maji yanachemka. Lakini alikuwa ameanza jambo jipya. Mpangaji akija na neno, na Mama Cherehani akimrudishia, mzee alimgeukia mpangaji na kusema, "Hebu niambie mwenyewe." Na mpangaji alimwambia mwenyewe, kwa makelele, mara mbili, mara tatu, mpaka likaingia. Kasuku alibaki amesimama pembeni, mikono haina kazi.

Mpandaji mmoja alikuwa ameshafika pale shina lilipogawanyika matawi, amejifunga mkanda. Kamba ya kwanza ilikuwa imefungwa kwenye tawi kubwa lililokaa juu ya paa la namba tatu, na ncha yake imezungushwa kwenye nguzo ya geti. Mkaguzi aliwasukuma watu wote nje ya geti. Breki alikuwapo, kimya siku hiyo, maana naye aliambiwa ahame ukutani kwake.

"Mwenye nyumba," mkaguzi aliita, "nianze?"

Mzee Pipa aliona midomo ikicheza na macho yote yakimgeukia. Neno lake la zamani lilikuwa tayari ulimini. Lilionekana kabisa likifika. Hakulisema. Alimgeukia mkewe.

"ANAULIZA AANZE?" alisema Mama Cherehani, mbele ya mtaa mzima.

"Vyumba vyote vitupu?"

"VITUPU!"

Mzee hakumgeukia mkaguzi. Aliendelea kumtazama. "Umeona kwa macho yako," aliuliza, "au unanifurahisha?"

Watu walisikia, kwa sababu mzee hakujua tena kuuliza jambo kwa siri. Mama Cherehani aligeuka kuvitazama vyumba. Mama Pacha ndiye aliyemwambia kwamba wote wametoka, na Mama Pacha aliambiwa na mpangaji wa namba moja. Yeye hakuwa ameona kitu.

"Subirini," alisema.

Aliingia getini peke yake, akapita chini ya kamba. Ua bila watu ulikuwa mkubwa. Akafungua namba moja, akaingia, akatazama nyuma ya mlango. Akafungua namba mbili, akainua pazia. Namba nne ilikuwa imefungwa kwa kitasa. Alitoa funguo za akiba, akafungua, akakuta kitanda kimetandikwa na redio inaongea peke yake. Akaizima. Namba tatu aliiweka mwisho. Magodoro hayakuwapo, ulibaki ubao wa kitanda, kandambili moja ya mtoto, na dirisha lililojaa shina la mti. Magoti yalimuuma, lakini alipiga magoti, akaweka shavu karibu na sakafu, akatazama chini ya kitanda mpaka ukutani. Vumbi. Kibanio. Akainuka kwa kushika ubao.

Alirudi getini akiwa na vumbi kwenye kanga, akasimama mbele ya mumewe, si upande wa kulia. Hakupiga kelele. Alisema polepole, mdomo ukionekana vizuri, kila neno peke yake.

"Nimeingia vyumba vinne. Nimetazama chini ya vitanda. Hamna mtu."

Mzee Pipa aliufuata mdomo wake mpaka neno la mwisho. Kisha akamgeukia mkaguzi, akanyanyua mkono.